Verlene wa Mashine ya Filamu

Verlene Stidham alivunjwa pua mara mbili alipokuwa askari katika jela ya wilaya. Mara ya pili aliyemvunja alikuwa mama mmoja mlevi, aliyekamatwa kwa kumcharaza mchungaji wake ngumi kanisani. Pua ilipopona ikiwa imepinda, Verlene alirudisha sare na kutafuta kazi ya amani. Akapata ya kujaza mashine za filamu.

Mashine zenyewe zilikuwa makabati ya kijani, marefu kuliko mtu, yaliyosimamishwa nje ya maduka na vituo vya mafuta. Unagusa kioo, unachagua filamu, unaingiza kadi ya benki, diski inatoka kwenye mwanya. Ukishatazama, unairudisha mwanya ule ule. Hakuna muuzaji, hakuna wa kumsalimia.

"Opal, hii ndiyo kazi," aliniambia juma la kwanza. "Mashine haikutemei mate usoni."

Mimi nilikuwa nakata nyama kwenye supamaketi ya Bwana Tackett, hapa Harlow Fork, Kentucky. Kaunta yangu ilitazamana na mlango, na nje ya mlango ndipo ilipokuwa mashine yetu. Niliyaona yote. Duka la zamani la kukodisha filamu lilikuwa limeshafungwa, na huku mabondeni mtandao haufiki hata kwa kuuombea. Kwa hiyo watu walikuwa na kabati lile tu, na kabati lile lilikuwa na visirani vyake.

Wakati wa baridi kioo hakikusikia kidole. Unagusa filamu ya vita, kinakupa katuni. Unafika nyumbani, diski imekwaruzwa kama imeparuliwa na paka, picha inaganda pale pale muuaji anapovua kofia. Au unairudisha, mashine inaimeza, kisha inakuandikia kwamba hujarudisha kitu. Ukipiga simu kwa kampuni, unawekewa muziki mpaka sikio linapata moto. Na ukiwa kwenye foleni, mbele yako yuko mtu anayesoma maelezo ya kila filamu kama anayechagua mke.

Hasira hiyo yote haikuwa na pa kwenda, maana kabati halina uso. Kisha akija Verlene na funguo zake na sanduku lake la diski, uso unapatikana.

Mama mmoja alimmwagia kahawa ya moto shingoni, akampa na salamu ya kuwapelekea mabosi wake. Kule kwenye kituo cha mafuta cha juu mlimani, mtu aliipiga mashine kwa bunduki ya kuwindia. Verlene alipofungua mlango akakuta risasi zimejikita ndani ya diski kama mbegu kwenye tikiti. Na mkesha wa Krismasi, mchana kweupe, mashemeji wawili walishikana kwenye foleni yetu, maana mmoja alikuwa amechagua mpaka theluji ikamjaa begani. Mwenzake akamng'ata sikio, akatema kipande chake kwenye theluji. Bwana Tackett alikiokota kwa mfuko wa plastiki na kuniletea mimi.

"Kiweke kwenye barafu, Opal."

"Mimi nauza ng'ombe na nguruwe, bwana. Masikio ya watu peleka hospitali."

Verlene alikuwa pale siku hiyo. Ndiye aliyewatenganisha. Alimkamata yule mng'ataji nywele, akampigiza uso kwenye ubavu wa mashine mara moja tu, na ugomvi ukaisha. Alifanya hivyo bila kuhema, kama mtu anayefunga dirisha. Mimi nilicheka. Sikujua bado cha kuogopa.

Sasa aje Estill Gayheart. Huyu alikuwa mchimba makaa tangu ujana, mpaka dari la mgodi lilipomwangukia mgongoni. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mwenye maneno machache, na kila Jumamosi alikuja kuchukua filamu ya mkewe Nola. Nola alikuwa mgonjwa wa mapafu, hatoki nyumbani, anapumua kwa mtungi wa hewa na mpira puani. Estill aliwaambia watu wote: filamu ni ya Nola, Nola hana furaha nyingine duniani.

Jumamosi moja mashine ilimpa kasha tupu. Akarudi, akachukua nyingine, ikaganda katikati. Jumatano iliyofuata ikamwandikia kwamba ana diski mbili hajarudisha, na kadi yake imefungwa. Alipiga simu kutoka kaunta yangu, simu begani, akisikiliza muziki, na mkono wake ukipapasa kisu changu cha kutolea mifupa. Nilikisogeza.

"Wanasema nitume maelezo kwa mtandao," aliniambia alipokata simu. "Mtandao gani? Nyumbani kwangu hata redio inakwaruza."

"Msubiri Verlene, Estill. Huja Jumamosi mchana. Atakutafutia kwa mkono wake."

"Nimechoka kusubiri, Opal."

Jumamosi ilipofika alikuja na nyundo ya mgodini, ile ya mpini mrefu inayoshikwa kwa mikono miwili. Aliivuta chini, ikichora lami. Verlene alikuwa ameshafungua mlango wa mashine, amechutama ubavuni, mkono wa kushoto umeingia ndani unapanga diski.

Nilimsikia akisema, "Estill, mzee wangu, ngoja kwanza. Niambie unataka ipi nikupe sasa hivi."

"Toka hapo, mama."

"Siwezi kutoka, mkono uko ndani. Ngoja—"

Hakungoja. Alizungusha nyundo kutoka nyuma ya kisogo na kuishusha kwenye kioo. Kabati lote liliruka. Mlango wa chuma ulijifunga kwa kishindo, na mkono wa Verlene ukiwa katikati. Sijasikia tena sauti kama ile, na mimi nimekata mifupa maisha yangu yote. Estill hakuona. Alikuwa ameshainua nyundo mara ya pili, anailaani mashine kwa jina la mama yake, kana kwamba mashine ina mama.

Pigo la pili ndilo lililoufungua mlango. Verlene alitoka na vidole viwili vinaning'inia kwa ngozi. Hakulia. Alimwingia Estill chini ya nyundo, kwa bega, tumboni, na mtu mzima yule akaanguka chali kwenye matoroli. Kisha akamkalia kifuani na kuanza kumpiga kwa mkono wa kulia, ule ulioshika fungu la funguo. Pigo la kwanza meno yalitoka. La pili nililisikia taya likiachia. Estill aliacha kujitetea, mikono imelala wazi kwenye lami, macho yamegeuka. Verlene aliendelea. Damu ya mkono wake mbovu ilikuwa inamwagikia Estill usoni, ukashindwa kujua ya nani ni ya nani.

Nilitoka mbio na aproni yangu. Nikamshika shingo kwa nyuma. "Verlene! Amezimia! Verlene, unaua!"

Alinipiga kiwiko mdomoni. Mpaka leo hapa ndani ya mdomo pana kovu. Ilibidi Bwana Tackett na mwenye duka la matairi la jirani wanisaidie ndipo akabanduka. Alipokaa chini, alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza siku ile.

Hospitali ilivikata vile vidole viwili. Estill alifungwa nyaya mdomoni, kisha akafungwa jela. Kampuni ya mashine ilimfukuza Verlene kwa kumpiga mteja. Hawakuja kumwona. Walimpigia simu, na kabla ya kumpa habari walimwekea muziki.

Nadhani ni muziki ule uliomharibu. Siku alipotolewa bandeji alichukua rungu la besiboli la marehemu kaka yake na kuendesha gari hadi kwa Gayheart, bonde la juu. Mwenyewe alinisimulia baadaye. Alijua Estill hayupo. Alitaka kuvunja: madirisha, televisheni, chochote. Alipopanda kibarazani, risasi ilipita kwenye wavu wa mlango, ikamkosa sikio na kulipua kioo cha gari lake.

Nola alikuwa kwenye kiti chake ndani, mpira puani, bastola mapajani inatoa moshi.

"Ya pili sikosi," alisema. Alikuwa anahema baada ya kila neno. "Ndiwe uliyemvunja mume wangu taya?"

"Ndimi. Na yeye kanikata vidole."

"Nionyeshe."

Verlene aliweka mkono kwenye wavu. Nola aliuangalia kwa muda.

"Hivi vilikuwa vya kazi gani?"

"Vya kazi yote, mama. Nilikuwa natumia shoto."

"Weka hilo rungu chini uingie. Inzi wanaingia."

Akaingia. Televisheni ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa. Verlene akasema lililomjia kwanza: kwamba pole kwa filamu, kwamba kama Estill angengoja kidogo tu, angempa.

Nola alicheka mpaka akashika mtungi. "Filamu? Mimi? Dada yangu, mimi filamu sizipendi. Nasinzia kabla majina hayajaisha. Ni yeye anayezipenda. Nilimwambia aniletee kwa sababu akitazama filamu anakaa kimya na hapigi kuta. Njoo uone." Akamwonyesha kwa kidole. Nyuma ya mlango, ukutani, mashimo ya ngumi yalikuwa mengi, mengine yamezibwa, mengine mapya. "Mimi hajanigusa. Ukuta tu. Lakini unapolala kitandani huwezi kukimbia, unahesabu siku ambayo ukuta utamchosha."

Verlene aliniambia alikaa pale mpaka maharage ya Nola yakaiva jikoni. Akampakulia, akamkatia mkate wa mahindi, kwa mkono mmoja. Hawakuombana msamaha. Alipoondoka, Nola alimwambia aje Jumanne, aje na risasi, maana alikuwa amebakiza moja.

Alikwenda, Jumanne nyingi. Nola alifariki mwezi wa nne, Estill akiwa bado ndani. Jela walimruhusu aje mazikoni amefungwa pingu. Verlene alisimama nyuma kabisa, mkono mfukoni. Mkubwa wake wa zamani kule jela, aliyekuja akimlinda Estill, alimwita pembeni: nafasi ipo, sare yako bado iko kabatini. Verlene alikataa.

Nilimuuliza kwa nini, tukiwa kwenye gari. Tulipofika daraja la pili ndipo aliponigeukia.

"Wewe ulinivuta siku ile, si ndiyo?"

"Nilikuvuta. Ulinipasua mdomo."

"Alikuwa ameshazimia, Opal. Nilijua amezimia. Niliendelea kwa sababu ilikuwa tamu." Alifuta kioo cha gari kwa mkono wake wa vidole vitatu, ingawa hakikuwa na ukungu. "Ukinipa funguo za watu waliofungiwa, mimi nitaua mtu."

Sasa anafua mashuka katika nyumba ya wazee. Mashine iliondolewa, na kampuni haikuleta nyingine.

Estill alitoka jela majira ya kiangazi. Siku moja alikuwa kwenye kaunta yangu, ananiomba nimsagie nyama mara mbili kwa sababu taya halitafuni vizuri, na Verlene akaingia na toroli. Nilishika kisu. Sikujua ningekifanyia nini.

Walisimama. Estill ndiye aliyeanza, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo.

"Mkono?"

"Upo. Taya?"

"Lipo."

Estill akashika mpini wa toroli lake. "Binti yangu alikuja kuniona jela, akanieleza kwamba ulikuwa unampikia Nola."

"Yeye ndiye aliyenialika."

Estill alivuta toroli lake likabana kwenye rafu, akampisha. Verlene akapita, akachukua soseji na mayai, akalipa, akatoka. Nilimfuata nje. Alikuwa ameegemea gari, mfuko unaning'inia kwenye vidole vyake vitatu.

"Umefanya vizuri," nikamwambia.

"Usinisifu. Alipofungua mdomo niliona lile pengo la meno, nikataka kumuongezea."

Nikamchukulia mfuko wa mayai kabla haujamponyoka, nikauweka kwenye kiti cha nyuma. Alikaa kwenye usukani muda mrefu kabla ya kuwasha gari, na mimi nikasimama pale kwenye jua na aproni yangu ya damu, mpaka alipoondoka.