Wazima Waliofungwa Tinde

Saa kumi na mbili asubuhi, Bujiku Maduhu anapita katikati ya zizi akiwafumbua ng'ombe midomo, mmoja baada ya mwingine. Anatafuta malengelenge kwenye ufizi. Hajaona hata moja, na bado hana amani.

“Mgonjwa namjua,” anasema. “Mzima ndiye ananikosesha usingizi.”

Ni mlinzi wa karantini ya mifugo hapa Tinde tangu mwaka 1974. Mshahara wake haufiki shilingi mia tano kwa mwezi. Ng'ombe anaowalinda wametoka vijiji vilivyoingiliwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Hawaumwi, wanasubiriwa. Muda ukipita salama, wanakwenda mnadani, na kesho ndiyo siku yao.

Wamo maksai wawili wa Scolastika, mjane wa kijiji cha jirani. Wiki hii amekuja mara kadhaa kuuliza kama bado wanakula. Kwake ghala ni tupu. Maksai hao ndio mahindi ya watoto wake.

Bwana mifugo alipomwajiri Bujiku alimfundisha maneno mawili ya Kiingereza: karantini na aisolesheni. La kwanza ni la mzima anayetiliwa shaka. La pili ni la mgonjwa aliyekwisha kujulikana, na zizi lake liko ng'ambo ya korongo. Vijijini yote mawili ni kutengwa tu.

Ndiyo maana leo Mzee Jilala anatokea akiswaga mtamba mwekundu anayechechemea, udenda ukimning'inia. Mkutano wa kijiji umeagiza ng'ombe wapelekwe karantini, naye ameleta aliye mgonjwa. Wanasalimiana, mwangaluka, kisha Bujiku anauona ule udenda.

“Rudi nyuma, baba. Humu wamo wazima.”

“Wazima umewafungia nini?” mzee anashangaa. “Huyu wangu ndiye mwenye haki ya kufungwa.”

Wachungaji waliokaa nje wanacheka. Bujiku anaanza kueleza, na wakati huo huo mtamba anapenyeza kichwa kati ya miti ya ua na kunywa kwenye hori. Upande wa pili, maksai mmoja wa Scolastika ameshatia mdomo kwenye maji yale yale.

Mtamba anavutwa, maji yanamwagwa, hori linasuguliwa kwa magadi ya kuulia ugonjwa. Mzee Jilala amevua kofia.

“Nimetii amri, mwanangu. Sasa nimewaua?”

“Sijui, baba.”

Angeweza kunyamaza. Badala yake anamtuma mchungaji mmoja kwa bwana mifugo, akijua jibu litakalorudi: lango halifunguliwi kesho, kusubiri kunaanza upya.

Mchana Scolastika anafika. Anauliza kama bado wanakula. Bujiku anamwambia wanakula, kisha anamweleza yote. Mama huyo anakaa chini karibu na ua, akiwatazama maksai wake.

Bujiku anataka kujenga ua wa pili kuzunguka ule wa kwanza, hatua kadhaa nje, mdomo wa mgonjwa usifike. Ameomba miti tangu mwaka jana. Sasa ataikata mwenyewe, aanze Jumamosi.

Kabla ya hapo anamshika pembe yule maksai aliyetia mdomo horini na kumfumbua mdomo tena. Scolastika anainuka kuchungulia.

Ufizi ni safi. Kwa leo.