Maandazi Chini ya Ukuta wa Jirani

Wiki iliyopita, sokoni Ibra, hapa Oman, nilimwona msichana akikaanga maandazi ya iliki, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, joto lilipokuwa limeanza kupungua.

Asubuhi ile Bibi yangu alimwamkia jirani yetu, Bi Thuraya, kwa Kiswahili. Bi Thuraya alikuwa na wageni. Akageuza uso, akasema kwa Kiarabu kwamba lugha ile haifahamu, na wageni wakacheka. Bibi aliingia ndani, akaanza kukanda unga.

Alasiri akaliweka jiko uani, chini ya ukuta wa Bi Thuraya hasa. Harufu ya iliki na tui ikajaa mtaa mzima. Akanituma nipeleke sahani kila nyumba isipokuwa ile. Nilidhani amesahau.

"Bibi, na jirani?"

"Sikusahau, mjukuu wangu. Mwache anuse."

Haukupita muda, sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Shoga, maandazi yako yananukia kama ya marehemu mama. Nipe japo moja."

Nilipigwa na butwaa. Sikujua kwamba Bi Thuraya, kama Bibi, alizaliwa Unguja. Bibi alijua siku zote. Aliligeuza andazi kwenye mafuta, akajibu kwa Kiarabu, taratibu:

"Samahani, sikufahamu ulichosema."

Kisha akanipa andazi la moto, akakaa kunitazama nikila. Sijapata kumwona tena na raha kama ile.

"Matamu?" aliniuliza. "Basi sema kwa nguvu."

Nikasema, kwa Kiswahili.