Korongo Wawili Niliowabeba Mgongoni Kutoka Malaba

Wenzangu wa kikundi cha vijana pale Sigalame,

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na pale nilipokosea neno, someni tu vile mnavyonijua nikisema. Mimi ni mtu wa darasa la nane na naandika polepole. Barua hii imenichukua siku nne.

Nawaandikia kwa sababu nilipokuja nyumbani mwezi ule mliniomba niwachoree ubao wa kikundi, nami nikakataa bila kutoa sababu. Najua wengine mlisema mji umenipandisha mabega. Haikuwa hivyo. Mkono wangu ulikuwa umekufa, na niliona haya kusema. Sasa naweza kusema, kwa sababu nimekwenda Malaba na kurudi.

Mnajua kazi yangu hapa Burumba. Waendesha boda boda hupenda baiskeli zao ziwe na kipande cha mpira kinachoning'inia chini ya madgadi, lile bati la gurudumu la nyuma, kuzuia matope, na juu ya mpira huo mimi huchora: simba, ua, jina la mtoto, neno la Biblia. Nilikuwa nachora bila kufikiri, kama mtu anayemenya muhogo. Kisha akaja Makokha, mtu wa Budalang'i, akataka kiboko, kwa sababu babake alikuwa mvuvi. Kusema kweli sijawahi kuona kiboko. Nilichora nilivyodhani.

Siku ya kwanza tu, mama mmoja Mwislamu mwenye mzigo wa vitenge alikuja stejini, pale boda boda hungojea abiria, kupanda baiskeli ya Makokha. Akainama kuangalia mpira, akarudi nyuma.

"Mimi sipandi hapo. Umeweka nguruwe."

"Mama, ni kiboko hiyo!" Makokha akasema.

"Kiboko ya wapi ina pua hivi? Ondoa mnyama wako, mwanangu, mimi naenda na mwingine."

Steji nzima ilicheka. "Makokha anafuga nguruwe!" "Nguruwe na carrier!" Makokha alitoa kisu, akaukwaruza mpira mbele ya watu hadi rangi yote ikatoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo, kila nikishika brashi nilisikia kile kicheko. Nilichora mstari nikaufuta, nikachora nikafuta. Wateja walianza kuniruka. Hata hivyo rafiki yangu Wandera, naye mtu wa boda boda, aliyenikaribisha Burumba nilipotoka nyumbani, alikuja na mpira mpya. Alikuwa anamwoa Nafula, msichana wa ng'ambo ya mpaka, na alitaka kumbeba kutoka kanisani kwa baiskeli yake mwenyewe. "Nichoree korongo wawili wenye taji," alisema. "Ndege wa bendera ya kwao. Ajue nimemheshimu." Mpira huo nilikaa nao wiki tatu ukiwa mweusi vilevile. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumanne jioni nilimwambia ampe mchoraji mwingine.

Wandera akasema, "Kama ni mwingine, nitakwenda na mpira mtupu. Nenda Malaba kwa Mama Amoit, fundi wa kushona. Yeye pia mikono ilimkataa wakati fulani. Chukua baiskeli yangu."

"Na utafanya kazi na nini?"

"Nitapumzika. Si mimi ni bwana harusi?"

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Burumba. Mpira niliuviringisha nikaufunga kwenye carrier pamoja na makopo matatu ya rangi na brashi zangu za manyoya ya mbuzi. Nilipita Alupe kukiwa bado na ukungu. Pale kilima kilinishinda nikashuka kusukuma, na mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe akaniuliza kama baiskeli ni mgonjwa. Nilikuwa natunza sana baiskeli ile. Kila kishimo nilikizunguka, maana nilijua ninaendesha chakula cha mtu.

Saa nne nilifika Adungosi. Nilikunywa uji kwa mama mmoja sokoni, naye akaangalia mpira wangu uliofungwa. "Wewe ni fundi wa nini?" aliniuliza. Nikamwambia napeleka mpira kwa mtu. Sikuthubutu kusema mimi ni mchoraji. Nilipoondoka jambo hilo lilinisumbua njia yote.

Saa sita kasoro nilianza kuona malori. Mnaosafiri mnajua Malaba: malori yamepangana barabarani kuelekea mpakani kama shanga, mengine yamekaa siku tatu yakingojea karatasi. Madereva wamefunga hema kati ya magurudumu, sufuria zinachemka, suruali zimeanikwa kwenye vioo. Duka la Mama Amoit liko nyuma ya mstari huo, chumba kimoja cha mbao, chenye cherehani mbili na mlango wa bluu.

Mama Amoit ni Mteso wa upande wa Uganda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alishonea Burumba zamani, ndipo Wandera akamjua. Alisoma kikaratasi nilichopewa na Wandera, akakicheka, akakiweka chini ya mkasi.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa nguruwe."

Nilitamani kugeuka nirudi. "Ndiyo, mama."

"Karibu. Weka rangi zako pale juu ya kabati. Hapo zikae mpaka nikuambie."

Mchana huo alinipa kazi ya kushona vifungo. Tukiwa tunashona alinieleza habari zake. Kwao kulipokuwa na bunduki kila siku, alivuka mpaka na watoto wawili na mkasi. Alipofika huku mikono ilianza kutetemeka. Kitambaa cha mtu ukishakikata vibaya hakirudi, na yeye alikuwa ameharibu vitatu. Akaacha kukata kabisa, akawa anauza ndizi. Baadaye, kwao kulipotulia, aliugua akalazwa Tororo, ng'ambo ya mpaka. Kitanda cha jirani kilikuwa na mwalimu mmoja mzee, ambaye utotoni aliishi karibu na familia ya Wahindi na alijifunza kwao kukaa kimya na kuutunza mwili kwa pumzi na viganja. Wakiwa wagonjwa wawili, mwalimu alimfundisha.

"Mama," nilimuuliza, na nawaandikia hili kwa sababu najua nanyi mtauliza, "si ni uganga huo?"

"Umeona kuku hapa? Umeona hirizi? Mimi ni mtu wa kanisa, na Jumapili nitakuwa kwaya. Hii ni kama kunawa uso. Wewe ukinawa uso unaita uganga?"

Alhamisi, kabla jua halijatoka, aliniamsha. Alitandika mkeka karibu na cherehani na kuweka mbele yangu mikebe miwili. Mmoja ulikuwa na vifungo, mwingine ulikuwa mtupu. Akanionyesha: unakaa mgongo umenyooka, unasugua viganja mpaka vipate moto, kisha unaviweka juu ya macho, halafu kooni, halafu kifuani, halafu tumboni. Kila mahali unavuta pumzi polepole na kuitoa, na kila pumzi unahamisha kifungo kimoja kutoka mkebe huu kwenda ule. Alisema nguvu ya mwili ni kama maji kwenye mfereji wa shamba. Mkono haujafa, ila mfereji umezibwa juu kabisa, na mtu anahangaika kuchimba kule chini.

Nilikaa. Kifungo cha tatu nikasikia lori linanguruma. Kifungo cha tano nikasikia steji ya Burumba: "Nguruwe na carrier!" Nikaacha.

"Nini?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Wanacheka, mama."

"Waache wacheke. Wewe hamisha kifungo."

Nikaendelea. Walicheka tena, nikahamisha kifungo. Sikuona mwanga wala maono, msije mkadhani. Miguu ilikufa ganzi na inzi alinitembea shingoni. Lakini nilipoweka viganja kifuani nilishangaa jinsi pale palivyokuwa baridi, na jinsi joto lilivyoingia taratibu, kama mtu ameweka chupa ya chai pale. Nilijua sijapumua mpaka chini tangu siku ya Makokha.

Nilisimama nikaenda moja kwa moja kwenye kabati kuchukua rangi.

"Bado," alisema Mama Amoit.

"Mama, harusi ni keshokutwa."

"Harusi iko Burumba. Wewe uko Malaba. Kachote maji."

Siku nzima sikugusa brashi, na nawaambia niliumia. Nilichota maji, nikashona vifungo, nikafagia. Kila lori likipita niliuliza saa ngapi, maana Jumamosi ilikuwa inakaribia. Alasiri mteja mmoja alileta kitambaa cha gomesi, lile gauni refu la heshima la Uganda, kizuri cha kung'aa, akasema ni cha kumzikia shangazi yake na hakuna kingine. Mama Amoit alikitandaza mezani. Akasugua viganja, akaviweka tumboni, akapumua kama mara sita hivi huku mteja anamwangalia. Kisha akashika mkasi na kukata kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Mikono haikutetemeka. Baada ya mteja kuondoka aliniambia, "Unadhani sikuogopa? Niliogopa. Lakini hofu ilikaa kwenye kiti chake, na mimi kwenye changu."

Ijumaa alfajiri tulihamisha vifungo tena, yeye mikebe yake na mimi yangu. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha. Nilipomaliza sikuondoka haraka, na ndipo alipotikisa kichwa kuelekea kabatini.

Niliutandaza mpira juu ya benchi nje ya mlango. Nilichora kwa chaki kwanza, kisha nikaingiza rangi. Korongo wa kwanza alitoka vizuri, shingo na taji lake la manjano. Wa pili, brashi iliteleza na mguu mmoja ukaruka juu. Zamani hizo ningechukua kitambaa cha mafuta ya taa na kufuta ndege mzima. Mkono ulishaanza kwenda kwenye kitambaa. Nikaurudisha, nikausugua na mwenzake, nikauweka kifuani. Pumzi moja, mbili, tatu. Nikautazama ule mguu. Korongo hucheza. Hata sisi kule nyumbani tumewaona bondeni wakirukiana. Basi nikafungua mabawa yake kidogo, nikamwinamisha kichwa wa kwanza, na wote wawili wakawa wanacheza.

Dereva mmoja wa lori alikuja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma yangu. Niliusikia mgongo ukikaza.

"Boss," alisema, "hao korongo wamelewa?"

"Wanaoana," nilijibu. Sijui jibu lilitoka wapi.

Alicheka sana mpaka chai ikamwagika, akaita mwenzake aje aone. Walicheka wote wawili, na mimi nikaendelea kupaka weusi wa macho. Kicheko kilikuwa kilekile cha Burumba. Brashi haikusimama.

Saa saba nilikuwa tayari kuondoka, lakini kulikuwa na shida ambayo sikuifikiria. Rangi ilikuwa mbichi. Nikiviringisha mpira, ndege wataharibika. Nikiufunga chini ya madgadi, matope ya njiani yatawafunika. Mama Amoit alichukua kamba mbili, akautoboa mpira juu, akanifungia mgongoni kama mkoba wa shule, ndege wakiangalia nje.

"Mama, watu wote wataniona."

"Ndiyo," alisema. Akanipa vifungo ishirini kwenye kitambaa, akanisukuma kidogo begani. "Mpe Wandera salamu."

Nyinyi mnanijua. Mimi ni yule anayepita nyuma ya kanisa ili asisalimie watu. Nilipita katikati ya mstari wote wa malori na korongo wawili mgongoni, na watu wakaita kutoka kila upande. "Kijana, unaruka kwenda wapi?" "Ndege hao unauza?" Adungosi yule mama wa uji alinitambua. "Wewe! Si ulisema unapeleka mpira kwa mtu?"

"Mimi ni mchoraji, mama," nilimwambia, na nikaendelea kukanyaga.

Nilifika Burumba saa kumi na moja jioni. Pale stejini nilishuka na kuwageuzia watu mgongo ili waone, maana sikuweza kuwatazama. Niliwasikia wakisogea. Wandera aliinama kuwatazama ndege. Kisha alinigusa kichwa. "Huyu anayeruka ni mimi," alisema. Makokha akasema, "Na huyu aliyeinama ni Nafula, anajiuliza ameolewa na nani." Wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Jumamosi Nafula alitolewa kanisani akaletwa kwenye baiskeli. Alizunguka nyuma kwanza, akashika gauni lake, akachuchumaa kuwatazama ndege kabla ya kupanda. Alipokaa alikunja miguu upande ili gauni lisiwafunike.

Nilichojifunza ni kidogo, na kwangu kinatosha. Nilidhani nitachora tena siku watu watakapoacha kucheka. Hawataacha. Kila asubuhi nakaa kwenye mkeka na vifungo vyangu ishirini, nasugua viganja, na kicheko kikija nahamisha kifungo. Siku nyingine mkono bado ni mzito. Siku hizo nashona viraka na kungojea.

Sasa nawaombeni mniandikie. Nileteeni ubao wa kikundi na maneno mnayotaka. Na kuna jambo lingine. Jumapili jioni Makokha alikuja na mpira wake uliokwaruzwa, akauweka mbele yangu, akasema, "Jaribu tena." Baadhi yenu mmefika Budalang'i mkaona kiboko kwa macho. Tafadhali niambieni masikio yake yanakaa wapi, na pua ikoje akiwa majini. Andikeni hata kwa penseli. Makokha anangojea, na safari hii nataka kuuliza kabla ya kuchora.