Priscah Haondoki Mstarini

Nasema ukweli, Priscah nilimchukia kwa sababu ya mkojo. Miaka tisa tumechuma chai kwenye mistari inayopakana, na sikuwahi kumwona akiweka kikapu chini aende kichakani. Anaingia shambani alfajiri, haondoki mpaka saa ya kupima majani kwenye mizani. Mimi nashuka mara tano, na nikirudi naona mgongo wake tu, uko mbele huko. Yeye kilo arobaini na nane za majani, mimi thelathini na moja. Roho iliniuma, wacha tu.

Msimamizi wetu alipokaribia kustaafu, tukaambiwa atakayechuma zaidi mwezi huo ndiye atachukua nafasi yake. Nikasema lazima hii shida yangu itibiwe, nimshinde huyu mama. Nikaenda hospitali ya Longisa.

Daktari alinipa kichupa niweke mkojo wa kupima. Halafu akaniambia ninywe lita moja ya maji nisiende chooni, kibofu kijae, wakipige picha. Nikishakojoa watarudia, waone kama kuna mkojo umebaki. Nikaenda kungojea kwenye benchi, na nani alikuwa amekaa hapo na chupa yake ya maji, kama si Priscah! Hata hospitali amenitangulia. Nilimsalimia kwa shingo upande. Mimi nilipindapinda miguu, yeye ametulia tuli, na hata hilo nikamwonea wivu.

Yangu ilikuwa maambukizi tu, dawa ya siku saba. Kibofu kilibaki kitupu, safi. Yeye alikaa chooni sana, akarudishwa kwa picha, akatoka baadaye na mpira wa mkojo, mfuko umefungwa pajani chini ya rinda. Akaniambia kibofu kimelegea. Alikuwa amekojoa, lakini zaidi ya nusu lita ilibaki ndani.

Nikamuuliza kama miaka hiyo yote alikuwa hasikii haja. Alisikia. Alijibana, na maji hakuwa anakunywa, maana bwana alishakufa, watoto ni wanne, na tunalipwa kwa kilo.

"Mama Calvince," akasema, "kila ukishuka kichakani, nilikuwa nakuonea wivu."

Jumatatu mstari wake ulikuwa mtupu. Mbele yangu hakukuwa na mgongo wa mtu, na ile nafasi ningeipata nikitaka. Saa nne nikabanwa. Nikajibana, nikachuma, nikajibana tena. Halafu nikaweka kikapu chini, nikashuka.