Sabuni ya Umeme Iliyokataa Bungoma

Mimi ni mwalimu wa kemia Kitale, na wanaocheka wacheke. Niliwaahidi akina mama wa kanisa moja Bungoma sabuni bila kununua kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Umeme wa betri ukipita kwenye maji ya chumvi, upande mmoja hutoa asidi inayopausha nguo, upande wa pili alkali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

Nikaunganisha betri na beseni la maji ya chumvi, nikachota alkali upande mmoja, nikamimina kwenye mafuta, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Mafuta yakabaki mafuta.

"Mwalimu, si uangalie tena?" Mama Nekesa, mwenyekiti wao, akanihurumia.

"Mimi nimesomea hii kitu, bana!" Nikapangusa mikono kwa leso yangu ya buluu.

Wote wakaitazama leso. Buluu ilikuwa imepauka, ikabaki na alama nyeupe za vidole vyangu.

"Ati hiyo ndiyo alkali?" Mama Nekesa akauliza.

Nikaiinua waione vizuri. "Angalau umeme umefanya kazi!"