Macho ya Bi Kaa

Bibi yangu, Mwahija binti Pazi, alikuwa fundi wa mambo mawili hapa Kilwa Masoko: kusuka ukindu na kupika vitu vitamu. Kwa miaka thelathini sinia lake halikuwahi kurudi na kitu, na alijivunia hilo waziwazi, wala hakujua kujifanya mnyenyekevu. Ndiyo maana shughuli ya mtoto wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, mwaka wa hamsini na moja, ilimtia kiwewe ambacho hakuwa nacho hata siku ya harusi yake mwenyewe.

Aliyeileta ni Theresia, yaya wa mtoto yule, Mmwera wa Nyangao.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nimetumwa na memsabu. Elsi anatimiza miaka saba Jumamosi. Wanataka mapambo na vitu vya kula, vyote vya Bi Kaa. Ni siku yake ya kuzaliwa."

Bibi akaweka ukindu chini. "Si alikwisha kuzaliwa?"

Theresia akaeleza alivyoweza. Bibi alijua akika, alijua arobaini, alijua maulidi ya Mtume; lakini karamu ya kuzaliwa kwa mara ya saba, hakuona pa kuishika. Tena huwekwa mishumaa saba, mtoto akaipuliza yote ikazimika.

"Umri wake anauzima mwenyewe?"

"Hata mimi sijui, Bi Mwahija. Ndivyo wafanyavyo."

Na Bi Kaa je? Hapo Theresia akaona haya kidogo, maana Bi Kaa alimbuni yeye mwenyewe ili kumlaza mtoto mchana. Ni kaa wa pwani mwenye viatu vinane. Kila akialikwa ngomani huchelewa kwa kuvivaa, na akifika ngoma imekwisha. Elsi hakutaka hadithi nyingine. Katika nyumba ile kubwa hakuwa na mtoto mwenziwe. Bi Kaa ndiye shoga yake.

"Kaa sisi hatumli," bibi akasema. "Sasa nimpike, mtoto amle shoga yake?"

"Ndivyo alivyosema memsabu."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku tatu bibi alizunguka mle ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Viatu havikumsumbua: alisuka vinane vya ukindu, vya kuenea kidole gumba, vyekundu na vya zambarau, akavitunga kwenye uzi pamoja na asumini. Kashata alizikata duara. Visheti alivipinda vikawa miguu. Mkate wa kumimina aliuoka moto chini na moto juu ya kifuniko, ukaumuka ukawa mgongo. Kilichomshinda ni macho.

Akaenda kwa Maalim Abdulatifu, mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Kitu cha kuliwa hakina neno, Mwahija," Maalim akasema. "Ila macho usitie. Usije ukaambiwa kesho akhera, haya, ulifanya kiumbe, kitie na roho."

"Na mtoto akimkataa?"

"Hilo sikulisomea."

Jumamosi bibi akapanda kwa Bwana Shauri na sinia kichwani, Bi Kaa hana macho, na karafuu mbili za macho amezifunga kwenye pindo la kanga. Alimwogopa Mungu, alimwogopa na mtoto wa miaka saba, na hakujua amwogope nani zaidi.

Memsabu alipiga makofi kwa furaha. Kisha akainama, akatazama vizuri.

"Mzuri sana! Lakini macho wapi?"

Watu wote barazani wakamtazama bibi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye pindo, ukaanza kulifungua. Elsi akalizunguka sinia polepole, ule uzi wa viatu ameshauvaa shingoni.

"Usimtie, Bi Mwahija," akasema, kwa Kiswahili safi cha Kilwa. "Amefumba macho. Hataki kuiona meli."

"Meli gani?" bibi akauliza.

Memsabu aligeuka akawasha mishumaa. Theresia ndiye aliyemnong'oneza, huku akijifuta macho: Jumanne Elsi anapelekwa Ulaya, shule ya kulala huko huko, na wazazi wanabaki hapa. Hakuna msiba, hakuna ugomvi. Ndivyo wafanyavyo.

Bibi hakuelewa. Mtoto mnamsherehekea kwa kuwa amezaliwa, halafu mnampakia melini? Alikufa hajaelewa. Mimi nimesoma, sababu zote nimeelezwa, na sielewi vilevile.

Elsi akapuliza mishumaa. Watoto walioalikwa wakala kashata zote, lakini kisu kilipoletwa akamshika mkono mama yake. Bi Kaa asikatwe. "Nenda naye kwenu, Bi Mwahija. Kwenu meli haionekani."

Hivyo ndivyo sinia la bibi lilivyorudi limejaa, kwa mara ya kwanza, na majirani wakaliona. Hakumweleza mtu.

"Angeniomba macho, ningeyatia," aliniambia miaka mingi baadaye. "Mungu angeniuliza, ningemjibu."

Jumanne meli ilipopiga honi, bibi alikuwa jikoni. Aliacha chungu kikiungua, akaenda kwenye lile sinia, akamfunika Bi Kaa kwa kanga.