Mgonjwa Mwenye Nyumba

Hospitali yetu ilipoanza kuwarudisha wagonjwa fulani makwao, sisi wauguzi tuliwafuata huko na dawa. Wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge, aliyepanga nyumba karibu na soko la Bwera. Alikuwa na homa ya mapafu.

Bintiye alishusha picha ya Bikira Maria ukutani, nami nikatundika chupa ya dripu kwenye msumari wake. Nilimwambia mama alale tuli mpaka dawa iishe, na binti nikamwonyesha jinsi ya kuifunga dripu ikiisha. Wote wawili waliitikia vizuri. Nikaaga.

Nilipofika barabarani niligeuka. Mama alikuwa nyuma yangu, kajifunga kitenge, anahema, na binti kamshikia chupa juu ya kichwa. Nilimfokea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kule kwenu nilikuwa mugonjwa,” akasema. “Huku niko mwenye nyumba. Mugeni haendaka peke yake.”

Alisimama pale mpaka nikapanda bodaboda, akanipungia mkono usio na sindano.

Kesho yake nilijiona mjanja. Nilitundika chupa, nikavuta kiti, nikaamua kwamba sitaaga mpaka tone la mwisho. Kweli, alitulia. Dawa ilipofika nusu aliniangalia mimi, akaangalia upande wa jikoni, kisha akaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu. Mgeni aliyekaa muda wote ule hawezi kuondoka na njaa.